Raha ya Moshi na Hali ya Hisia: Kwa Nini Sigara Ileile Huwa Tamu Leo na Chungu Kesho

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mhudumu wa afya huyasikia mara kwa mara kutoka kwa mgonjwa anayevuta tumbaku ni haya: "Daktari, sigara ndiyo inayonituliza." Maneno hayo hayasemwi kwa hila. Anayeyasema anaeleza jambo analolihisi kwa kweli, mara kumi au ishirini kwa siku, na kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, hata baadhi ya wahudumu huyakubali. Si ajabu kusikia katika wodi au kliniki ya afya ya akili mtu akisema, "Mwacheni avute, angalau atatulia."

Kauli hiyo ya huruma ina gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na magonjwa ya moyo, mapafu na mishipa ya damu, ambayo tumbaku huyachochea. Hivyo, swali la iwapo moshi hutuliza kweli si la udadisi tu. Jibu tunaloliamini ndilo huamua ni nani atakayepewa msaada wa kuacha na ni nani atakayeachwa na sigara yake.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kueleza: (a) jinsi hali ya hisia inavyobadili raha ya kuvuta, (b) kwa nini mvutaji huhisi ametulia ilhali mwili wake umechangamshwa, (c) tofauti kati ya hamu na raha, na (d) namna ya kumsaidia mtu anayehofia kwamba akiacha tumbaku atachanganyikiwa au kuzama katika huzuni.

Maana ya hali ya hisia

Tunaposema kwamba mtu "moyo wake umechafuka" au "ana moyo mkunjufu", hatuzungumzii msuli unaosukuma damu. Tunazungumzia hali ya hisia, yaani mwelekeo wa ndani unaodumu kwa saa au siku kadhaa na kuyapa rangi yote anayoyaona, anayoyaonja na kuyakumbuka mtu huyo. Hasira ya ghafla hupita; hali ya hisia hukaa. Inapokuwa ya huzuni kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ikaambatana na kupoteza raha, usingizi, nguvu na matumaini, twapaswa kufikiria ugonjwa wa sonona.

Ladha nayo si kazi ya ulimi peke yake. Ulimi hutambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ladha ya nyama au mchuzi mzito. Mengi mengine tunayoyaita ladha huletwa na pua, na ubongo huyaunganisha na kumbukumbu, matarajio na mahali tulipo. Chai ya nyumbani inayonywewa msibani haina ladha ileile ya chai ya siku ya sikukuu, ingawa majani na sukari ni vilevile. Moshi wa tumbaku haujaepukana na kanuni hiyo.

Sigara kubwa na raha ya mazingira

Mfano ulio wazi zaidi ni sigara kubwa, ile inayoviringwa kwa jani la tumbaku lenyewe badala ya karatasi. Wapenzi wake huivuta taratibu, wameketi, mara nyingi baada ya mlo au katika kusherehekea jambo. Nchini Marekani ilikuwa desturi kwa baba aliyepata mtoto kuwagawia rafiki zake sigara hizo. Red Auerbach, kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics, alijulikana kwa kuwasha sigara kubwa akiwa bado kwenye benchi pindi alipoona kwamba ushindi hauwezi tena kuponyoka. Sigara ya namna hiyo hubeba ladha ya ushindi, ya kupumzika, ya kuwa na marafiki na ya muda usio na haraka.

Wapenzi hao hao hukiri kwamba sigara ileile, ikivutwa na mtu mwenye hasira au mawazo mengi, huwa kali, chungu na ya kuchosha. Kuna sababu mbili. Kwanza, mwenye wasiwasi huvuta haraka. Moto huongezeka, moshi huwa wa moto zaidi na ukali wake huongezeka. Pili, akili yake haiko kwenye harufu wala ladha, iko kwenye tatizo lake. Raha inayotegemea utulivu haiwezi kuuleta utulivu usiokuwapo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya raha inayosifiwa kuwa ya tumbaku ni raha ya kuketi, kupumua polepole na kuzungumza na mwenzako. Vitu hivyo vyapatikana bila moshi.

Ni muhimu kuongeza kwamba sigara kubwa si salama kwa sababu tu haivutwi hadi mapafuni. Sigara ya kawaida ina chini ya gramu 1 ya tumbaku. Sigara kubwa huweza kuwa na gramu 5 hadi 20. Moshi wake una ualkali zaidi, na kwa hiyo nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa hata bila kuvutwa ndani. Saratani za kinywa, koo, umio na mapafu zimethibitishwa kuhusiana nayo.

Yanayotokea ndani ya mwili

Nikotini inayovutwa mapafuni hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko hujishika kwenye vipokezi vya asetilikolini na kusababisha kutolewa kwa dopamini, kemikali inayouarifu ubongo kwamba jambo hili ni la maana na linafaa kurudiwa. Papo hapo tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini: moyo huenda mbio, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda.

Nikotini haikai muda mrefu. Kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ubongo wa mvutaji wa kila siku, ambao umekwisha kuongeza idadi ya vipokezi vyake ili kuizoea nikotini, huanza kudai. Dai hilo hujitokeza kama kukereka, kutotulia, kushindwa kumakinika na wasiwasi. Vijana wa mjini wana neno lao kwa hali inayofanana na hiyo: arosto. Mvutaji anapowasha sigara nyingine, dai hulipwa, naye hupata ahueni.

Hapa ndipo penye fundo la somo letu. Ahueni ile ni ya kweli, lakini inaondoa usumbufu ulioletwa na sigara iliyotangulia. Ni sawa na mtu anayevaa viatu vinavyombana kutwa nzima kwa ajili ya raha ya kuvivua jioni. Ndiyo maana wavutaji wengi husema sigara tamu kuliko zote ni ya kwanza ya asubuhi. Tumbaku ya asubuhi haitofautiani na ya mchana. Tofauti ni kwamba usiku kucha mwili umekaa bila nikotini, na deni limekuwa kubwa.

Kitendawili cha utulivu

Mwaka 1973 mtafiti Paul Nesbitt alichapisha utafiti ulioonyesha jambo la kushangaza: uvutaji huuchangamsha mwili, lakini mvutaji hujieleza kuwa ametulia. Jambo hilo likaja kuitwa kitendawili cha Nesbitt. Stanley Schachter wa Chuo Kikuu cha Columbia aliliendeleza swali hilo na kutoa ufafanuzi ambao bado una uzito: ili kujua kama sigara hutuliza, haitoshi kumlinganisha mvutaji aliyevuta na mvutaji aliyenyimwa. Lazima alinganishwe pia na mtu asiyevuta kabisa. Ukifanya hivyo, waona kwamba aliyenyimwa yuko chini ya kawaida, na aliyevuta amerejea tu pale ambapo asiyevuta yupo siku zote.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Andy Parrott wa Uingereza alikusanya ushahidi wa aina hiyo na kuuliza waziwazi iwapo sigara husababisha msongo wa mawazo badala ya kuuondoa. Hoja yake ilikuwa kwamba hisia za mvutaji hupanda na kushuka siku nzima, na sigara humrudisha kwenye usawa kwa muda mfupi kabla ya kumshusha tena.

Huzuni, hamu na raha

Je, kila hali mbaya ya hisia huongeza uvutaji kwa namna moja? Mwaka 2020 Charles Dorison, Jennifer Lerner na wenzao nchini Marekani walichapisha matokeo ya tafiti zilizoonyesha kwamba sivyo. Wavutaji walioonyeshwa filamu fupi ya huzuni walipata hamu kubwa zaidi ya sigara kuliko waliooneshwa filamu isiyogusa hisia au ile ya kuchukiza. Katika maabara, walio katika huzuni walivuta moshi mwingi zaidi kwa kila pumzi. Huzuni, hasa ya kupoteza kitu au mtu, humfanya mwanadamu atafute kitu cha kuliziba pengo, na kilicho karibu mfukoni ndicho huchukuliwa.

Hata hivyo, tusichanganye hamu na raha. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba katika ubongo kutamani kitu na kukifurahia ni mambo mawili yanayoweza kutengana. Katika uraibu, hamu huweza kukua huku raha ikipungua. Mgonjwa wa sonona hutupatia ushahidi wa kila siku: anavuta zaidi kuliko zamani, na ukimuuliza kama anaifurahia, anajibu kwamba haoni tena utamu wowote. Msiba, upweke au ugomvi humvuta kwenye sigara, lakini hali hiyohiyo ya hisia imemnyima uwezo wa kuionja.

Mfano kutoka historia ya tiba

Sigmund Freud, daktari wa Vienna na mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara kubwa. Inaelezwa kwamba alivuta takriban 20 kwa siku. Aliamini kwamba bila sigara hawezi kufanya kazi ya kufikiri. Mwaka 1894, alipopata matatizo ya mapigo ya moyo, aliacha kwa muda kwa kufuata ushauri wa rafiki yake, daktari Wilhelm Fliess wa Berlin. Barua zake za wakati ule zaeleza jinsi hisia zake zilivyodhoofika, na hatimaye alirudia. Mwaka 1923 aligundulika kuwa na saratani ya kinywa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akaondolewa sehemu ya taya na kuwekewa kifaa cha bandia, lakini hakuacha kuvuta. Alifariki London mwaka 1939.

Mtu huyu aliyetumia maisha yake kuchunguza undani wa nafsi alishindwa na kitu kidogo kilichokuwa mkononi mwake. Kwa hiyo, mgonjwa wetu asiambiwe kwamba anakosa akili au dini kwa sababu ameshindwa kuacha. Maarifa peke yake hayaondoi uraibu. Freud alikihukumu kipindi cha kuacha kwa zile siku za mwanzo zenye dhiki, na hakuwa na dawa wala msaada ambao leo tunao.

Je, kuacha tumbaku huharibu hisia?

Dalili za kuacha huanza ndani ya saa 24 za mwanzo, hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Katika kipindi hicho mtu huweza kuwa mkali, mwenye huzuni, mwenye njaa na asiye na usingizi. Anayejipima siku ya tatu atasadiki kwamba sigara ilikuwa dawa yake.

Anayejipima baadaye huona picha nyingine. Mwaka 2014 Gemma Taylor na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, uchambuzi wa tafiti 26 zilizopima hali ya akili kabla ya kuacha na angalau wiki 6 baada ya hapo. Walioacha walikuwa na sonona, wasiwasi na msongo mdogo zaidi kuliko walioendelea kuvuta. Manufaa hayo yalionekana pia kwa watu waliokuwa na magonjwa ya akili, na ukubwa wake ulilingana na ule wa dawa za sonona.

Kuhusu usalama wa dawa, utafiti mkubwa ujulikanao kama EAGLES, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha washiriki 8,144, nusu yao hivi wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili uliotulia. Vareniklini na bupropioni hazikuonyesha ongezeko la maana la matatizo makubwa ya akili zikilinganishwa na kibandiko cha nikotini au dawa bandia, na vareniklini ndiyo iliyosaidia wengi zaidi kuacha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziongeza dawa hizo mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ambamo bidhaa mbadala za nikotini zilikuwa tayari zimeingizwa.

Kwa mhudumu wa afya

Usibishane na mgonjwa kuhusu anachokihisi. Kubali ahueni, kisha mwonyeshe chanzo chake. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba, daktari.
— Umesema sigara hukutuliza. Ni ipi hukutuliza zaidi kwa siku nzima?
— Ile ya alfajiri, kabla hata sijanawa uso.
— Na kabla hujaanza kuvuta, ujanani, alfajiri ulikuwa unaamka ukitetemeka hivyo?
— La. Nilikuwa naamka vizuri tu.
— Basi mzee wangu, tuangalie pamoja ni nani anayekutetemesha.

Maswali mawili yatosha kupima ukubwa wa uraibu: mtu huvuta sigara ya kwanza muda gani baada ya kuamka, na huvuta ngapi kwa siku. Anayevuta ndani ya dakika 5 za kuamka, au anayezidisha sigara 20 kwa siku, huenda akahitaji dawa pamoja na ushauri. Baada ya hapo fuata hatua tano zilizozoeleka: uliza, shauri, tathmini utayari, saidia, na fuatilia. Hatua ya mwisho husahaulika zaidi, ilhali wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa ya kurudia.

Mambo matatu yazingatiwe kwa makini:

1. Mpime sonona kila mvutaji anayesema kwamba anavuta kwa sababu ya huzuni. Itibu sonona yenyewe. Usisubiri ipone kabisa ndipo uanze kuzungumzia tumbaku.

2. Moshi wa tumbaku, si nikotini, huharakisha uvunjwaji wa baadhi ya dawa kwenye ini, zikiwamo klozapini na olanzapini. Mgonjwa anapoacha kuvuta, kiwango cha dawa hizo katika damu hupanda, na usingizi mzito au madhara mengine huweza kutokea. Mgonjwa asiache dawa. Dozi ipitiwe upya na daktari wake. Jambo hili likumbukwe pia mgonjwa anapolazwa katika wodi isiyoruhusu uvutaji.

3. Kafeini nayo huvunjwa polepole zaidi baada ya kuacha. Mtu aliyezoea vikombe vingi vya kahawa au chai kali huweza kupata mapigo ya moyo, mitetemo na kukosa usingizi, akadhani ni kukosa sigara. Mshauri apunguze.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ukitaka kujichunguza mwenyewe, tumia daftari kwa siku saba. Kabla ya kila sigara andika saa, mahali, na hali ya hisia zako kwa alama kuanzia 0 (mbaya sana) hadi 10 (nzuri sana). Andika tena baada ya dakika 5, kisha baada ya saa 1. Mwisho wa wiki, angalia alama za saa 1 baadaye: je, zimekaa juu, au zimerudi palepale? Angalia pia ni sigara ngapi ulizifurahia kweli. Daftari hilo litakuonyesha vilevile saa na mahali penye hatari kwako: baada ya mlo, kijiweni, baada ya ugomvi, au usiku ukiwa peke yako.

Kwa kila mahali pa hatari, andaa mbadala unaolingana na hitaji lenyewe. Kama unachokitafuta ni mapumziko, pumzika: toka nje dakika tano na upumue polepole. Kama ni mwenza wa kuzungumza naye, mpigie ndugu au rafiki simu. Kama ni huzuni ya msiba, huzuni hiyo yahitaji kusemwa na kusikilizwa. Moshi hauwezi kuizika. Hamu kali mara nyingi hupita ndani ya dakika chache hata usipoitii.

Wanafamilia wasimkaripie anayeacha kwa ukali wake wa siku za mwanzo, wala wasimrudishie sigara ili "awe mtu tena". Wamhesabie siku na kumpongeza. Akirudia, aanze tena bila aibu. Wengi waliofanikiwa walijaribu zaidi ya mara moja. Lakini ikiwa huzuni inazidi badala ya kupungua, au mtu anazungumzia kujidhuru au kutamani kufa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Muhtasari

Hali ya hisia hubadili raha ya moshi: utulivu huiongeza, wasiwasi huiharibu, na huzuni huongeza hamu bila kuongeza raha. Ahueni anayoipata mvutaji wa kila siku ni malipo ya deni ambalo sigara yenyewe imelifungua. Wiki za mwanzo za kuacha ni ngumu, lakini baada yake hisia za wengi huwa bora kuliko zilivyokuwa wakati wa kuvuta, wakiwamo watu wenye magonjwa ya akili. Kumnyima mgonjwa msaada wa kuacha kwa sababu ana huzuni ni kumnyima sehemu ya tiba ya huzuni hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sigara ya kwanza ya asubuhi huonekana tamu kuliko nyingine?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kuitamani sigara na kuifurahia.
3. Mgonjwa anayetumia olanzapini ameacha kuvuta wiki iliyopita na sasa analala kutwa. Utafikiria nini, na utachukua hatua gani?
4. Ndugu wa mgonjwa anakuomba umruhusu mgonjwa avute "ili asichanganyikiwe". Utamjibuje kwa heshima na kwa ushahidi?